Kusoma udaktari na sayansi za afya Bugando, Mwanza: mwongozo kamili kuanzia fomu hadi wodini

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, ambacho wengi wanakiita CUHAS au Bugando tu, kipo eneo moja na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, juu ya kilima kinachotazama katikati ya Jiji la Mwanza na ziwa. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971. Chuo kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), baadaye kikawa chuo kikuu kamili. Hospitali ndiyo iliyotangulia, chuo kikazaliwa ndani yake, na mpangilio huo ndio unaotawala maisha ya mwanafunzi hadi leo.

Wanaokwama hapa si lazima wawe wale wenye alama ndogo za kidato cha sita. Mara nyingi ni wale waliokuja wakidhani watasoma vitabu kwanza, wodi wataziona huko mbele. Mwongozo huu nimeuandika kwa mtu anayetaka kuanza kujipanga kwa ajili ya wodi kabla hata hajapanda basi la kuja Mwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha sifa zako, kisha omba mwenyewe

Kwa Shahada ya Udaktari, mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo lisipungue D, na jumla ya pointi isiwe chini ya 6. Hesabu ni hii: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D tatu zinakuingiza kwenye foleni. Kupata nafasi ni habari nyingine, maana wanaoomba ni wengi na wenye pointi 12 au 13 wamo humohumo.

Wenye stashahada ya utabibu wanaingia pia, wakiwa na GPA (wastani wa alama za stashahada) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, hisabati na Kiingereza wa kidato cha nne. Usidharau njia hii. Mtu aliyefanya kazi kwenye zahanati kule Misungwi au Sengerema akija chuoni, siku ya kwanza wodini anajua tayari kumsogelea mgonjwa.

Sifa hizi hutolewa kila mwaka kwenye kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Pakua cha mwaka wako. Usitegemee picha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu masharti hubadilika na picha hazibadiliki.

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa chuo chenyewe, mtandaoni. Usimpe mwenye steshenari nywila yako akakujazia kila kitu huku wewe umekaa benchi la nje. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa, na dirisha la kuthibitisha ni fupi. Akiwa nayo mtu mwingine, au ikatumwa kwenye laini ya shangazi aliyeko Ukerewe ambako simu inakaa siku mbili bila chaji, nafasi inaweza kupotea.

Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa intanshipu, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Famasia na uuguzi ni miaka minne kila kimoja. Kuna pia maabara na kozi nyingine za afya. Chagua famasia kwa sababu unaitaka, si kwa sababu udaktari umekukosa, maana ukifika utakuta kemia inakusubiri kwa miaka yote minne na haina huruma na mtu aliyekuja kwa shingo upande.

Hatua ya 2: Mkopo uanze kabla matokeo hayajatoka

Mkopo ninaousema ni ule wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na karatasi zinazochelewesha watu ni zilezile kila mwaka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu inahitaji mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na saini ya hakimu au wakili. Anza uhakiki wa RITA mapema, ukiwa bado unasubiri matokeo, kwa sababu majina yakitofautiana hata herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, marekebisho yake yanakula wiki. Kanda hii jambo hilo ni la kawaida mno: mtoto anaandikwa Masanja nyumbani, shule ya msingi wanamwandika jina la babu.

Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inaingia kwa mikupuo, na ndiyo hiyo inayoitwa bumu. Bumu la siku 60 ni shilingi 600,000. Kumbuka pia kwamba ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi hadi liishe.

Hatua ya 3: Malazi, na hesabu ya bumu

Kaa karibu na kilima. Hosteli za chuo zikipatikana chukua, hasa mwaka wa kwanza. Ukikosa, tafuta chumba unachoweza kutoka kwa miguu hadi Barabara ya Wurzburg, hata kama ni kidogo na choo ni cha kushirikiana. Vyumba vya Buhongwa au Igoma ni vya bei nafuu, naelewa kabisa kwa nini vinavutia. Lakini siku utakapokuwa na zamu ya usiku, au mvua ya vuli ikishuka saa kumi na moja alfajiri wakati raundi, yaani madaktari kupita kwa wagonjwa wodini, inaanza mapema, ile tofauti ya kodi utairudisha kwa nauli na bodaboda. Na usalama wa kurudi usiku, kwa wasichana hasa, hauna bei.

Kabla ya kulipa, panda kwenye hicho chumba mwenyewe. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa juu ya mawe, na dalali hatakwambia kwamba njia ya kufika ni ngazi za miamba zinazoteleza masika. Uliza maji yanatoka siku zipi. Uliza umeme ni luku ya peke yako au mnachangia.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na bumu la kwanza huwa halijafika. Kwa hiyo njoo na fedha ya kodi na ya kula kwa angalau mwezi mmoja kutoka nyumbani. Bumu likiingia, toa kwanza kodi ya awamu ijayo, weka kando, kisha kinachobaki ukigawe kwa wiki. Kama baada ya kodi umebaki na 420,000 kwa siku 60, una shilingi 7,000 kwa siku, na hiyo ni pamoja na sabuni, bando na kopi za notisi. Ukipika nyumbani inatosha. Dagaa, mchicha na unga vinunueni kwa kuchangia watu watatu au wanne. Sato wa soko la samaki la Mwaloni abaki wa Jumapili.

Vifaa: mwaka wa kwanza unahitaji koti jeupe, glovu, seti ya kupasulia na kompyuta inayofanya kazi. Stetoskopu subiri. Ukifika wakati wa wodi nunua moja nzuri ya kati, mashine ya presha ya mkono, tochi ndogo na nyundo ya kupimia refleksi. Wanaonunua stetoskopu ya gharama wiki ya kwanza huwa wanakopa hela ya chakula wiki ya sita.

Hatua ya 4: Miaka miwili ya mwanzo

Anatomia, fiziolojia, biokemia, kisha patholojia, mikrobiolojia, famakolojia. Masomo ni kwa Kiingereza na kasi yake si ya kidato cha sita. Hapa wengi waliokuwa wa kwanza shuleni kwao hukutana na alama ya 43 kwa mara ya kwanza maishani.

Dawa yake si kukesha. Kitu kinachofanya kazi ni kujiuliza maswali kabla hujajua majibu. Baada ya kipindi, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika ulichoelewa: damu inatoka wapi, inakwenda wapi, kitu gani kikiziba kitatokea nini. Kisha fungua uone ulichosahau. Rudia baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Inachosha kuliko kusoma slaidi mara tano, na ndiyo maana inabaki kichwani.

Diskasheni iwe ya watu wanne au watano, si kumi na watano. Kila mtu aje na mada aliyoiandaa na aifundishe kwa Kiswahili kwanza. Mtu akishindwa kueleza kwa Kiswahili jinsi figo inavyochuja maji, ajue alichokariri ni Kiingereza tu. Mkishaelewana, rudieni kwa Kiingereza cha mtihani.

Chumba cha anatomia kinawaogofya wengine siku ya kwanza, na hilo halina aibu. Harufu ya fomalini inawasha macho, kula kidogo kabla ya kuingia, na ukiona kizunguzungu toka nje uketi. Ile ni miili ya watu. Usipige picha, usifanye mzaha. Heshima unayojifunza mle ndiyo utakayoibeba wodini.

Na hapa narudi kwenye neno langu la mwanzo: usisubiri mwaka wa tatu ndipo uifikirie wodi. Tafuta mwanafunzi wa juu yako akueleze kesi aliyoiona wiki hiyo na uioanishe na mada yako. Ukiwa unasoma chembe nyekundu za damu, kuna watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe hizo kuwa na umbo la mundu, ghorofa chache kutoka hapo ulipoketi, maana Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu.

Hatua ya 5: Wodini

Bugando ina vitanda zaidi ya 900 na inapokea rufaa kutoka mikoa minane: Mwanza, Geita, Simiyu, Mara, Kagera, Shinyanga, Tabora na Kigoma. Mgonjwa anayefika hapa mara nyingi ameshapita zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na pengine mganga wa kienyeji. Kwa mwanafunzi hii ni hazina, na kwa mgonjwa ni safari ndefu ya mateso. Yashike yote mawili kwa pamoja.

Anza na salamu. Mzee anaamkiwa shikamoo kabla ya swali lolote. Jifunze pia Kisukuma cha kuanzia: mwangaluka asubuhi, mwadila mchana na jioni. Kuna bibi kutoka vijiji vya Simiyu ambao Kiswahili chao ni kidogo, na ukimwamkia hivyo uso unafunguka. Kwa maelezo marefu mwombe ndugu au muuguzi atafsiri, lakini mambo ya siri usiyapitishe kwa mtoto wake. Jitambulishe kwamba wewe ni mwanafunzi, omba ruhusa, na akikataa mshukuru uondoke.

Nikupe mfano wa namna ya kufikiri. Analetwa mvuvi wa miaka 35 kutoka kisiwani Ukerewe, ametapika damu nyingi usiku. Kazi ya kwanza ni ya timu: njia ya hewa, presha, mpigo wa moyo, kanula mbili kubwa, damu ya kupima kundi, maji ya mshipani. Mwanafunzi saidia unachoambiwa, usizuie njia. Akishatulia ndipo wewe unakaa naye kuchukua historia.

Mwulize alitapika lini, mara ngapi, damu mbichi au kama machicha ya kahawa, choo kina rangi gani. Mwulize pombe, dawa za maumivu, vidonda vya tumbo, na kama macho yaliwahi kuwa ya njano. Halafu uliza swali ambalo vitabu vya Ulaya havilipi uzito: amekuwa akiingia ziwani tangu utotoni? Amewahi kumeza dawa za kichocho? Kisha mpapase tumbo. Unakuta wengu mkubwa unaofika hadi karibu na kitovu.

Sasa ile parasaitolojia uliyoiona kavu inapata maana. Mayai ya kichocho cha tumbo yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa majini, kijidudu kinaingia kwa konokono, kinatoka kikiwa na umbo jingine na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Minyoo inakomaa na kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, ikitaga. Mayai yanayokosa njia ya kutoka yanabebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, mwili unayazungushia kovu. Miaka inapita. Damu inayotoka tumboni kwenda kwenye ini inakuta njia zimebanwa, presha inapanda nyuma yake, wengu unavimba, na damu inatafuta njia za pembeni, mojawapo ikiwa mishipa ya umio. Kuta za mishipa ile ni nyembamba. Ikipasuka, mtu anatapika beseni la damu.

Ukiielewa njia hiyo, maswali ya mwalimu unayajibu bila kukariri. Kwa nini mgonjwa huyu macho yake si ya njano na akili yake ni timamu, tofauti na mwenye sirosisi, yaani ini zima lililoharibika kwa makovu? Kwa sababu kovu limezunguka mishipa, chembe za ini zenyewe zimebaki zikifanya kazi kwa muda mrefu. Kwa nini chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ziko chini? Wengu mkubwa unazishikilia. Kwa nini prazikwanteli, dawa ya kichocho, peke yake haitoshi? Inaua minyoo, ila haiondoi presha iliyokwisha kujengeka wala kuziba mshipa uliopasuka. Huyo anahitaji endoskopia, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ili mishipa ifungwe. Mgonjwa mmoja amekufundisha anatomia, fiziolojia, parasaitolojia, famakolojia na afya ya jamii. Ndiyo maana nasema usome pamoja na hospitali.

Baada ya historia, andika kesi yako siku hiyohiyo. Mbele ya raundi isemee kwa mpangilio: jina usilitaje kwa sauti, anza na umri, anakotoka, shida kuu na muda wake, mambo yanayounga mkono wazo lako, mambo yanayolipinga, ulichokuta mwilini, kisha wazo lako na unachotaka kupima. Ukiulizwa usichokijua sema hujui, utakisoma, na kesho kweli ulete jibu. Kubuni kipimo ambacho hukukifanya ni kosa linaloweza kumuua mtu.

Wauguzi waheshimu na uwaulize. Wamekaa na mgonjwa usiku kucha, wewe umekuja na daftari saa moja asubuhi.

Siku mgonjwa uliyemhudumia akifariki, usijifungie chumbani. Zungumza na mwenzako, na kiongozi wa dini kama unaye, na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Ukiona wiki mbili zimepita hulali na huli, huo ni ugonjwa kama mwingine na una tiba palepale kilimani.

Hatua ya 6: Linda mwili wako

Chanjo ya homa ya ini B kamilisha kabla ya kuingia wodini. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue, toa taarifa hapohapo. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianza ndani ya saa 72, na saa chache za mwanzo ni bora zaidi, kisha unameza siku 28. Wanaoficha kwa kuogopa kugombezwa wanapoteza muda ambao haurudi.

Na ziwa. Najua utavutiwa, mwenyewe nalipenda. Tembea Capri Point jioni, panda kivuko cha Kamanga, keti kwenye mawe. Ila kuoga ufukweni kwenye maji yaliyotulia yenye majani ni kumwalika kichocho, na hata kusimama kwenye maji yanayofika magotini kunatosha. Ukishaingia, pima na umeze dawa. Chandarua usikikunje eti kuna joto. Malaria ya wiki ya mitihani imewatoa wengi kwenye mstari.

Hatua ya 7: Mitihani, sapu na disko

Mtihani wa vitendo wa vituo unakwenda kwa kengele: dakika chache kwa kila kituo, kimoja unapima presha, kingine unamweleza mama habari za chanjo, kingine unasoma picha ya eksirei. Haupiti kwa kusoma. Fanyeni mazoezi wawili wawili kwa saa ya simu, mmoja awe mgonjwa, mwingine ahesabu alama, kunawa mikono na kujitambulisha zikiwamo.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, si mwisho wa dunia, wamepata sapu watu ambao leo ni mabingwa. Hatari ni kukaa kimya. Alama ya kwanza mbaya ikitoka, nenda kwa mwalimu wa somo na karatasi yako wiki hiyohiyo, umwulize umeangukia wapi. Soma mwenyewe kanuni za mitihani za chuo zinasemaje kuhusu kurudia mwaka na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), usingoje kuambiwa na wenzako kwenye korido. Kama tatizo ni ada, msiba au ugonjwa, toa taarifa kwa maandishi kabla ya mtihani. Barua iliyofika baada ya mtihani ina nguvu ndogo sana.

Hatua ya 8: Utafiti upo jirani yako

Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kipo hapohapo Bugando. Mkoa huu ndiko ulikofanyika utafiti wa jamii 12 uliochapishwa mwaka 1995 kwenye jarida la The Lancet, ukionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Dunia nzima iliusoma, na ulifanyika kwenye zahanati za vijijini kwetu.

Hudhuria semina zinapotangazwa, hata kama mwanzoni unaelewa nusu. Jifunze kupanga data vizuri kwenye kompyuta. Ukichagua mada ya utafiti wako, chukua swali dogo unaloweza kulijibu kwa fedha na muda ulionao, na usikusanye jina wala faili la mgonjwa hata mmoja kabla ya kibali cha kamati ya maadili.

Hatua ya 9: Kutoka

Mwaka wa mwisho weka pamoja mapema nakala za vyeti, kitabu chako cha kumbukumbu za vitendo kikiwa kimesainiwa kila ukurasa, na fomu za Baraza la Madaktari. Saini za mwaka wa tatu ni ngumu kuzipata mwaka wa tano, wakati daktari aliyekusimamia ameshahamia Dodoma. Intanshipu ni mwaka mmoja, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, fikiria hospitali yenye wagonjwa wengi na madaktari ambao ni wachache lakini wana subira, ambako utashika kazi kwa mikono yako huku kuna mtu wa kumpigia saa nane usiku.